Umezima Kule Mwisho?

Anayekutana na Fundi Jeti mara ya kwanza hudhani amekasirika, kwa jinsi anavyokunja uso. Hajakasirika. Anasikiliza. Kuna gari limepita nje ya karakana, naye ameshajua kwamba linabugia petroli kupita kiasi, na kwamba mwenyewe analalamikia bei ya mafuta asubuhi na jioni, kumbe skrubu moja tu ya kabureta ingemaliza maneno yote.

Maisha yake ya kazi yameishia juu ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla injini haijavila. Jina la Jeti alilipata kwa sababu ya vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu katikati, viitwavyo jeti, ambavyo hukaa ndani ya kabureta na kupima petroli ipite kiasi gani. Tundu likiwa kubwa, petroli nyingi. Likiwa dogo, petroli kidogo. Huwa navyo kwenye mifuko yote ya shati. Mke wake huviokota kwenye nguo za kufua, kwenye mito ya kochi, na siku moja alikiona kimoja ndani ya kopo la sukari. "Wenzangu wanakagua mifuko wakitafuta manukato ya wanawake," humwambia jirani, "mimi nakuta shaba yenye tundu. Sijui nilie au nicheke."

Magari ya siku hizi hayana kabureta. Yana kompyuta inayofanya kazi hiyo kimya kimya, na Jeti hana ugomvi nayo, ila haina la kumwambia. Wateja wake waliobaki ni jenereta, pampu za maji na vikongwe vichache vya magari ambavyo wenyewe wamekataa kata kata kuvizika. Hao huwahudumia katikati ya wiki. Jumamosi ni ya mdogo wake.

Mdogo wake ni kinyozi wa mtaa wa pili, mtu wa watu, aliyebatizwa Mbwembwe tangu shuleni, na mpaka leo hajatokea mtu wa kusema jina limemwonea. Hawezi kukunyoa kidevu bila kuzungusha mkasi hewani. Hata kuvuka barabara huvuka kama mtu anayetazamwa. Katika gari lao yeye ndiye dereva, kwa sababu ana moyo wa kukanyaga mafuta mpaka chini na kuuacha mguu huko. Jeti ndiye fundi, kwa sababu moyo huo hana.

Gari lenyewe ni la mbio fupi. Magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, na atakayetangulia kufika mwisho wa lami iliyonyooka ndiye mshindi. Hakuna kona, hakuna mzunguko, ukipenga kamasi umepitwa. Bodi waliliokota kwenye vyuma chakavu, wakang'oa kila kitu ndani wakaacha kiti kimoja. Lakini injini hawakuiokota. Injini ni ya silinda sita, ilitoka kwenye pikapu ya marehemu baba yao, aliyeitumia kubebea saruji na mbao mpaka mgongo wake ukagoma. Hiyo ndiyo iliyowagombanisha ndugu hawa, na hiyo hiyo ndiyo iliyowarudisha.

Mzee alipofariki, watu wakiwa bado wamekaa uani, Mbwembwe alisema kwamba baba alimwachia maneno: pikapu iuzwe, injini itolewe, iwe ya watoto wake wawili na wasiiuze. Jeti alikuwa hajalala. Alichosikia yeye ni mdogo mtu anagawa mali udongo ukiwa mbichi. Akasema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Wewe ni mwongo."

"Muulize shangazi," Mbwembwe alijibu. "Alikuwepo."

Shangazi alikuwa mbali, mguu ulimzuia hata kuja kumzika kaka yake. Jeti hakumuuliza. Ndugu wakanuniana miaka, wakawa wakikutana njiani mmoja anaangalia kiatu chake na mwenzake anaangalia mawingu. Hata watoto wao walijua ni upande gani wa barabara wa kupita.

Ndipo siku moja shangazi akaja, mguu umepona nusu, akakaa sebuleni kwa Jeti na kabla hajamaliza kuvua viatu akauliza, "Na ile injini mwanangu, mliifanyaje? Kaka yangu aliwaachia nyie wawili. Nilimsikia kwa masikio yangu haya."

Jeti aliona aibu. Alitoka vile vile na kandambili, akaenda kwenye kibanda cha kinyozi, na njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi. Aliyapanga vizuri. Alipofika mlangoni, akamwona mdogo wake ameshika wembe juu ya shingo ya mteja, maneno yote yakamtoka kichwani.

"Ile injini," akasema, "bado unayo?"

Mbwembwe hakugeuka. "Ipo nyuma. Chini ya turubai."

"Ilete Jumamosi."

Ndiyo yakawa mapatano. Samahani haikusemwa siku ile na haijasemwa mpaka kesho. Badala yake walijenga gari. Na ukweli ni kwamba nje ya gari hilo ndugu hawa hawana mazungumzo. Mke wa Jeti amejaribu kuwaalika chakula, wakala kimya mpaka mmoja alipotaja gasketi, hapo sasa wakaongea hadi usiku wa manane. Ukiwaondolea ile injini umewaondolea ulimi. Jeti alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote, na alijua pia alichoambiwa na fundi wa kuchonga silinda mara ya mwisho walipompelekea: kuta zimeshakwanguliwa mpaka basi, zikichubuka tena hakuna chuma cha kuchonga.

Angekuwa na akili angeiacha injini itembee polepole. Lakini Mbwembwe alitaka tabo, lile feni linalozungushwa na moshi wa injini yenyewe, likairudishia injini hewa kwa nguvu. Na Mbwembwe akitaka kitu, hukitaka huku amekushika bega. Basi wakafunga tabo.

Kabureta imetengenezwa inyonywe. Injini huvuta pumzi, na pumzi hiyo hupita na petroli kidogo. Wao sasa waliipuliza. Mara ya kwanza tu zile boya za shaba za ndani, zinazoelea kwenye petroli, zilibonyezwa na hewa zikawa bapa. Jeti akatafuta boya zisizo na uwazi ndani. Petroli nayo ikagoma kuingia, maana hewa ilikuwa inaisukuma irudi ilikotoka, akabadilisha pampu. Kila alichokiziba upande huu kilichomokea upande ule. Alikuwa na furaha ambayo mke wake hakuwa ameiona kwa muda mrefu.

Lililomshinda ni moja. Gari likiwa limesimama karakanani, tabo haikolei. Unaweza kukanyaga mafuta mpaka majirani waje na marungu, hewa haiji kwa nguvu kamili. Huja mwisho wa ile lami tu, mguu ukiwa chini na gari likivuta kwa uwezo wake wote, na hapo ndipo injini husema kama petroli inaitosha au inakauka. Ikikauka kwenye joto lile, pistoni huyeyuka. Na kiti ni kimoja. Kwa hiyo saa ambayo kabureta yake inasema kweli, Jeti huwa amesimama mwanzoni mwa uwanja, mikono mitupu.

Shahidi wake ni plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini. Plagi ikitoka ndani ya injini ina kipua cheupe cha kigae, na kipua hicho hubadilika rangi. Petroli ikizidi, huwa cheusi. Ikipungua, huwa cheupe kama chaki. Ikiwa sawa, huwa na rangi ya chai ya maziwa. Ila plagi hukumbuka la mwisho tu. Ukimaliza mbio halafu ukarudi polepole na injini inanguruma, masizi ya ule mwendo wa kinyonga huja yakafunika kila kitu. Ndiyo maana Jeti alikuwa na sheria moja aliyoikariri mpaka ikamchosha mwenyewe: ukifika kwenye mstari wa mwisho, mguu ukiwa bado chini, zima. Toa gia, liache liserereke, usiliwashe tena. Watu watakusukuma mpaka hapa.

Sasa hebu mfikirie Mbwembwe. Mashabiki hawasimami mwanzoni, wanajazana mwisho, kwenye mstari, na gari linaloserereka kimya mbele yao kwao ni gari lililokufa. Wanalizomea. Wanaimba nyimbo za maziko. Na yeye mkewe yuko pale, watoto wako pale wamepanda juu ya pipa, wateja wake wa ndevu wako pale.

Siku ya mashindano waliwahi mapema kwenye uwanja, ambako zamani zilitua ndege ndogo. Walipangwa kukimbia mara mbili, ya kwanza ya majaribio, ya pili dhidi ya muuza vigae, mtu mcheshi mwenye gari jekundu la kompyuta, aliyempita Jeti na kumtania, "Mzee, bado unapika kwa kuni?"

"Kuni hazikatiki umeme," Jeti akamjibu, wakacheka wote.

Mbio za majaribio zilikwenda vizuri. Jeti alifumba macho akasikiliza. Sauti ilipanda moja kwa moja, bila kukohoa, mpaka ikapotea nyuma ya mstari wa makontena yaliyogawa uwanja na njia ya kurudia. Huko haoni mtu. Alisubiri, magari mengine yakiunguruma karibu yake kujipanga, sikio halishiki kitu cha mbali. Baadaye gari likatokeza kwenye upenyo wa makontena, kimya, linasukumwa na watu wanne wa uwanja, Mbwembwe ndani ameinua kidole gumba.

"Umezima kule mwisho?" Jeti akauliza.

"Nimezima, kaka. Kama ulivyosema."

Jeti akafungua plagi. Ya kwanza nyeusi. Ya pili nyeusi. Zote sita nyeusi ti, masizi makavu yanayotoka kwa kidole. Akaziangalia sana. Injini inayozidiwa na petroli kiasi kile ingekohoa njiani, naye hakusikia kikohozi. Ingeacha moshi mweusi juu ya lami, naye alipofumbua macho hakuona moshi. Kisha akainua macho akawatazama wale watu wanne waliosukuma gari. Kutoka mwisho wa uwanja mpaka pale ni mwendo wa kumtoa mtu ulimi. Mmoja alikuwa anawasha sigara. Mwingine anapiga mluzi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anahema.

Basi akajua. Mbwembwe hakuzima. Amerudi na gari linanguruma, amewapungia mkono mashabiki, amewapungia wanawe juu ya pipa, halafu nyuma ya makontena ndipo akazima na kuwaita watu wamsukume hatua chache ili kaka yake aridhike. Plagi zilikuwa zinasimulia zile salamu za mkono. Kabureta ilikuwa sawa, huenda haijawahi kuwa sawa kama siku hiyo.

Ungekuwa wewe ungesema tu. Hata mimi ningesema. Lakini Jeti alipofungua mdomo, neno lililokuja ni lile lile la siku ya msiba. Alilisikia limekaa kwenye ulimi, tayari. Alishalitumia mara moja kwa mdogo wake akiwa msema kweli, na lilimgharimu miaka; leo angelitumia kwa haki, na ndiyo leo hakuwa na ubavu wa kulitoa. Alitafuta maneno mengine, yenye kuzunguka, yasiyouma. Hakuna aliyewahi kumfundisha hayo.

"Una uhakika ulizima?" akasema.

Uso wa Mbwembwe ukabadilika. "Kaka, unamaanisha nini?"

"Simaanishi kitu."

"Maana ukisema hivyo, unamaanisha kitu."

"Nimeuliza tu, mdogo wangu."

Mbwembwe akainama akaziangalia plagi. Si mjinga, miaka yote hiyo ya Jumamosi ilikuwa imemfundisha. "Nyeusi hizo," akasema, bila kumtazama. "Petroli imezidi. Si utapunguza?"

Hapo ndipo mtego ulipofunga. Kama Jeti angeacha kabureta ilivyo, kuacha kwenyewe kungekuwa kumwambia, mbele ya watu wale wale wanne, kwamba hakumwamini. Na kama angepunguza petroli, angekuwa anaikausha injini ambayo ilikuwa inashiba sawasawa. Alisimama pale na bisibisi mkononi, fundi wa miaka yote hiyo, hajui afanye nini. Jasho lilimtoka hata kwenye vifundo vya vidole.

Mwishowe alifanya nusu. Alitoa zile jeti za asubuhi akazitia kwenye mfuko wa shati, akafunga zenye tundu dogo zaidi kwa hatua moja, si mbili. Alijiambia hatua moja injini itaistahimili. Alijiambia hivyo mara nyingi kuliko mtu anayeamini anachosema.

"Ukisikia sauti imebadilika," akamwambia mdogo wake dirishani, "ikiwa kavu, kama changarawe ndani ya kopo, achia mguu. Mbio ziende zao. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Achia mguu."

"Kaka, nimekusikia." Mbwembwe akashusha kofia ngumu usoni. Hakumpungia mtu mkono.

Taa ziliwaka. Gari jekundu lilitangulia kidogo, kisha tabo ikakolea, na injini ya baba yao ikaenda mbele. Jeti hakufumba macho safari hii. Robo ya kwanza, sawa. Nusu, sawa, akaanza kupumua. Walipopita nusu akaisikia. Watu waliomzunguka walisikia gari linashinda, wakaanza kuruka. Yeye alisikia changarawe.

"Achia!" akapiga kelele. "Achia mguu! Achia!"

Alikuwa anapiga kelele kwenye mgongo wa gari lililokwenda. Alikimbia hatua kadhaa kwenye lami, mpaka mtu wa uwanja akamshika mkono, naye akasimama kama mtoto aliyekatazwa. Sauti haikushuka. Mbwembwe hakuachia. Changarawe iliendelea mpaka kwenye mstari, kisha ghafla pakawa kimya, na kutoka nyuma ya makontena ukapanda moshi wa buluu. Mashabiki kule mwisho walianza kuimba wimbo wa maziko, Jeti akausikia wote.

Safari hii gari lilichelewa sana. Lilipotokeza kwenye upenyo, wale watu wanne walikuwa wameloa jasho, mmoja ameshika kiuno, na wa tano alikuwa Mbwembwe mwenyewe, amevua kofia, anasukuma kwa bega. Alikuwa ameshinda mbio. Hakuna aliyempongeza.

"Nimezima, kaka," akasema kabla hajaulizwa, pumzi zikimkatika. "Safari hii nimezima. Pale pale kwenye mstari, mguu chini. Waulize hawa."

Jeti hakuwauliza. Alifungua plagi, zinaunguza hata kwa kitambaa. Ya kwanza nyeupe kama chaki. Ya pili nyeupe. Zote zilikuwa zinasema kweli, kwa mara ya kwanza siku nzima. Ya sita ilitoka haina ncha, na pembeni pake pameganda vitone vya pistoni iliyoyeyuka. Akatia spana mbele ya injini akajaribu kuizungusha kwa mkono. Ilikwenda kidogo, ikakwaruza, ikagoma.

"Uliisikia sauti?" akauliza.

"Niliisikia."

"Nilikwambia uachie."

"Nilikumbuka." Mbwembwe alikuwa anaangalia ile plagi isiyo na ncha. "Mguu ulishaanza kunyanyuka. Nikawaza, nikiachia hapa, plagi zitakudanganya tena."

Tena. Wote wawili walilisikia neno hilo likitoka, na hakuna aliyeliokota. Muuza vigae alikuwa anakuja na maji ya chupa kuwapa pole, akawaona walivyosimama, akageuza njia.

Jeti alilitafuta lile neno la siku ya msiba, akakuta halipo tena mdomoni. Lililokuwepo ni jingine, ambalo lingefaa uani kwa baba yao, lingefaa kwenye mlango wa kibanda cha kinyozi, na asubuhi ile lingekuwa limeokoa injini kama angeweza kulisema huku akiiacha kabureta ilivyo.

"Nakuamini," akasema.

Mbwembwe aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimlenga, akajifuta kwa mkono wenye grisi akajichafua shavu lote. Mtu wa mbwembwe, na hakujali anatazamwa na nani.

"Itapona?"

"Zile kuta," Jeti akasema. "Si unakumbuka alivyosema fundi wa kuchonga?"

"Nakumbuka."

Walilipandisha gari kwenye trela. Mbwembwe akatoa lile turubai la zamani, wakalitandaza juu ya injini pamoja, kila mmoja akifunga kamba upande wake. Walipomaliza walibaki wamesimama hivyo, gari likiwa katikati.

"Jumamosi nije?" Mbwembwe akauliza.

"Njoo. Tutaifungua tuone."

"Na Jumamosi nyingine?"

Jeti alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akazikuta zile jeti za asubuhi, zenye tundu lile lile sahihi, akabaki amezishika.